Kupiga picha mchochota wa moyo baada ya mshtuko wa moyo: mwongozo kamili, kuanzia kuhesabu siku hadi kusoma ripoti

Kabla ya kuuliza ni mashine gani itatumika, hesabu siku. Moyo uleule ukipigwa picha ya MRI (mashine ya sumaku) saa 24 baada ya mshtuko, kisha ukapigwa tena siku ya sita, unaweza kutoa ramani mbili tofauti za uvimbe, na zote mbili zikawa sahihi. Asiyejua tarehe ya mshtuko atazisoma vibaya zote mbili.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa aliyeambiwa aende kupigwa picha ya moyo, ndugu anayemuuguza, na mhudumu wa afya anayetaka kujua anachokiagiza. Hauhusu saa za kwanza za dharura. Mwenye maumivu ya kifua yanayokaza, jasho jembamba na kukata pumzi hasubiri kipimo chochote kati ya hivi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, apimwe ECG (umeme wa moyo) na mshipa uzibuliwe. Picha za mchochota huja baadaye, mgonjwa akishatulia.

Hatua ya 1: Lielewe jeraha lenyewe

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, misuli iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni. Ndani ya takriban nusu saa seli zinaanza kufa. Hazifi zote kwa pamoja: kifo huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kusonga kuelekea nje kadiri saa zinavyopita. Shika jambo hili la "kutoka ndani kwenda nje", maana ndilo litakalokusaidia kuisoma picha huko mbele.

Seli zilizokufa humwaga yaliyomo ndani yake, na mwili hujibu kwa mchochota: mishipa midogo huvuja maji, sehemu iliyoumia huvimba, na chembe nyeupe za damu humiminika. Nyutrofili ndizo hufika kwanza, saa chache tu baada ya jeraha, na huwa nyingi zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Nyuma yao huja monositi, ambazo zikishaingia kwenye misuli hugeuka kuwa makrofaji. Kundi la mwanzo la makrofaji ni wabomoaji: linakula mabaki na kusafisha eneo. Kuanzia kama siku ya tano hutawala kundi la mafundi, ambalo huotesha mishipa mipya midogo na kuziita seli zinazofuma kovu. Kovu lenyewe huchukua wiki nyingi kukomaa.

Moyo haufanyi kazi hii peke yake. Uboho wa mifupa huongeza uzalishaji wa chembe nyeupe, na utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hata wengu ni ghala la monositi, ambazo hutolewa na kukimbilia moyoni mara tu mshipa unapoziba. Kwa hiyo usishangae ripoti ya PET (picha ya dawa yenye mionzi, tutaifikia) ikitaja wengu na uboho katika uchunguzi ulioagizwa kwa ajili ya moyo.

Watu wengi wakisikia "moyo una mchochota" hudhani wamepata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Sivyo. Katika siku hizo za mwanzo, mchochota ndio matibabu ambayo mwili unajipa. Unakuwa tatizo ukizidi kiasi au ukigoma kuzimika: ukuta wa moyo hukonda, chumba cha kushoto hupanuka, na miezi kadhaa baadaye mgonjwa anaanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Ukizimwa mapema mno nako kuna hatari, kwa sababu kovu linaweza kuwa dhaifu. Picha nzuri inajaribu kupima mambo mawili: mchochota ni mwingi kiasi gani, na kwa siku hiyo, je, unastahili kuwepo?

Hatua ya 2: Andika saa mbili, kisha panga siku

Kwenye karatasi moja andika saa ambayo maumivu yalianza na saa ambayo mshipa ulizibuliwa, iwe kwa stenti (kibomba cha waya kinachouacha mshipa wazi) au kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Karatasi hiyo iende na mgonjwa kila anakopelekwa. Fomu za maombi ya kipimo mara nyingi huandikwa "mshtuko wa moyo wa hivi karibuni", maneno ambayo hayamsaidii kabisa msomaji wa picha. "Hivi karibuni" ni juzi au ni wiki tatu zilizopita?

Sababu ya ukali huu wa saa ni kwamba uvimbe hauji mara moja na kupungua polepole. Majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe mjini Madrid, yakachapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba maji kwenye misuli huja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza hutokea saa za mwanzo baada ya damu kurudi kwenye mshipa, kisha hushuka sana ifikapo saa 24. La pili huibuka siku ya nne hivi na kuwa kubwa kufikia siku ya saba. La kwanza linatokana na damu kurejea ghafla kwenye misuli iliyonyimwa. La pili ndilo linaloambatana na kazi ya uponyaji. Baadaye hali kama hiyo ilionekana pia kwa binadamu. Anayepigwa picha siku ya pili anaweza kuangukia bondeni katikati ya mawimbi hayo na kuandikiwa kwamba uvimbe ni mdogo.

Kwa sababu hiyo wataalamu walikubaliana mwaka 2019 kwamba MRI ya kupima jeraha la mshtuko wa moyo ipigwe kati ya siku ya 3 na ya 7. Dirisha hilo linatosha kwa mgonjwa wa kawaida. Kama mgonjwa hajatulia, shinikizo la damu linashuka au mapigo yanaruka ovyo, dirisha lipite tu. Kumlaza mtu asiye imara ndani ya mashine kwa karibu saa nzima, mbali na vifaa vya dharura, ni kumtafutia balaa.

Kipimo cha damu cha CRP, protini inayopanda mwilini kukiwa na mchochota, huambatana na safari hii. Hupanda na kufikia kilele kama siku ya pili au ya tatu. Kina faida yake, lakini hakisemi mchochota uko wapi: nimonia au kidonda cha mguu vinaweza kukipandisha vilevile.

Hatua ya 3: Linganisha swali na mashine

Anza na eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Haina mionzi, inafanyika pembeni mwa kitanda, na inaonyesha sehemu ya ukuta isiyosogea, nguvu ya kusukuma damu, valvu zinazovuja, maji kwenye mfuko wa moyo na bonge la damu ndani ya chumba cha kushoto. Mchochota wenyewe haiuoni. Ukuta uliozubaa kwa muda na ukuta uliokufa kabisa huonekana sawa kwenye eko ya siku ya tatu: vyote havisogei.

MRI ndiyo inayotenganisha kuta hizo mbili. Ndiyo kipimo kikuu katika mwongozo huu, kwa sababu katika kikao kimoja inaonyesha maji, seli zilizokufa, mishipa midogo iliyoziba na damu iliyovujia ndani ya misuli. Lakini weka akilini kwamba MRI ya kawaida huona matokeo ya mchochota, yaani maji na uharibifu. Chembe nyeupe zenyewe haizioni.

Wa kuziona chembe ni PET. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayokwenda pale seli zinapofanya kazi kwa nguvu, na mashine hurekodi mahali ilipokusanyika. Inayotumika zaidi ni FDG, ambayo ni glukosi iliyofungwa kwenye florini-18. Baada ya mshtuko wa moyo kipimo hiki bado kinatumika zaidi kwenye utafiti na kwenye maswali magumu. Wagonjwa wengi hawakihitaji, na ukiambiwa "hatujakupangia PET" usidhani umenyimwa haki.

CT (eksirei ya kompyuta) inaweza kuonyesha kovu kwa dawa ya iodini kwa mgonjwa asiyeweza kuingia MRI. Zamani chembe nyeupe za mgonjwa zilitolewa, zikatiwa indiamu-111 na kurudishwa mwilini ili zifuatiliwe hadi moyoni. Njia hiyo kwa moyo imebaki historia.

Kuna hali moja ambayo MRI isicheleweshwe kwa visingizio: troponini (protini ya damu inayoonyesha misuli ya moyo imeumia) imepanda, dalili zote ni za mshtuko wa moyo, lakini mishipa ikipigwa picha inakutwa safi. Hapo MRI inaweza kubadilisha jina la ugonjwa kabisa, na pamoja nalo dawa zote.

Hatua ya 4: Jiandae kwa MRI

Hofu ya kwanza ninayokutana nayo ni stenti. "Sumaku si itaivuta?" Stenti za koronari zinazotumika leo hazivutwi kiasi cha kuhama, na MRI ya tesla 1.5 au 3 inaweza kupigwa hata siku chache baada ya kuwekwa. Hakuna haja ya kusubiri wiki sita kama wengine wanavyoambiwa. Beba tu kadi ya stenti ili fundi wa mashine athibitishe aina yake.

Mambo ya kutaja bila kuulizwa ni kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa cha sikio la ndani, pampu ya insulini, na kipande cha chuma kilichowahi kuingia jichoni. Mafundi wa kuchomelea na kusaga chuma wasahau yote ila hili la jicho. Vifaa vipya vingi vya mapigo ya moyo vinaruhusu MRI kwa masharti, hivyo usijikatie tamaa mwenyewe. Toa taarifa tu. Vibandiko vya dawa vyenye tabaka la chuma navyo vitolewe, la sivyo vinaweza kuunguza ngozi.

Dawa ya kung'arisha picha ni ya gadolini, nayo hutoka kupitia figo. Kabla ya siku hiyo pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo. Ufanisi wa figo (eGFR) ukiwa chini ya 30, daktari atachagua aina ya gadolini iliyo salama zaidi au ataamua kwa makini kama inahitajika. Mjamzito aseme mapema. Anayenyonyesha kwa kawaida anaweza kuendelea.

Omba pia damu ya hematokriti (kiasi cha chembe nyekundu ndani ya damu) itolewe siku hiyohiyo. Ni jambo dogo linalosahaulika, na bila namba hiyo hawawezi kukokotoa ukubwa wa nafasi iliyo nje ya seli, kipimo kinachoonyesha jinsi misuli ilivyojaa maji au kovu.

Anayeogopa sehemu finyu aseme siku moja kabla. Dawa nyepesi ya kutuliza inawezekana, lakini ukishapewa huendeshi gari kurudi nyumbani.

Hatua ya 5: Ndani ya mashine

Tenga dakika 45 hadi saa nzima. Utalazwa chali, vibandiko vya ECG kifuani, kanula mkononi, vizuia sauti masikioni na kitufe cha kuita msaada kiganjani. Mashine inapiga kelele kama ya kugongwa mabati, ni kawaida.

Kazi yako kubwa ni pumzi. Sauti itakuambia: vuta pumzi, toa, usivute. Hapo unakaa sekunde 10 hadi 15 bila kusogea. Kinachoharibu picha ni kuanza kila zamu na kiasi tofauti cha hewa. Ukivuta sana mara hii na kidogo mara inayofuata, kiwambo cha chini ya mapafu kinauhamisha moyo, na vipande vya picha havioani. Fanyeni mazoezi nyumbani: toa hewa kwa kawaida, bila kujikamua, kisha tulia. Mgonjwa ambaye hawezi, kwa mfano mwenye maji kwenye mapafu, aseme. Kuna namna za kupiga picha huku anapumua.

Mpangilio wa picha hufuata mantiki. Kwanza hupigwa picha zinazotembea, zinazopima ukubwa wa vyumba na nguvu ya kusukuma. Kisha ramani ya T2, ambayo huonyesha maji, na ramani ya T1 kabla ya dawa, inayoingia kwenye hesabu ile ya nafasi iliyo nje ya seli. Panapohofiwa damu kuvujia kwenye misuli hupigwa na T2*. Ndipo gadolini huingizwa. Utahisi ubaridi ukipanda mkononi. Dakika chache za mwanzo hutumika kutafuta bonge la damu, ambalo huonekana jeusi kwa sababu dawa hailifikii. Dakika 10 hadi 20 baada ya sindano hupigwa picha za mwisho, zile za kuchelewa, na hizo ndizo zenye uzito mkubwa. Wengi huchoka hapo na kuanza kujigeuza. Vumilia zamu hiyo kuliko zote.

Hatua ya 6: Kama ni PET, chakula ndicho kipimo

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, na vinaharibikia jikoni.

Misuli ya moyo inakula vyote viwili, mafuta na sukari. Ukila wanga, insulini hupanda na moyo mzima hunyonya sukari, ikiwemo FDG. Picha itatoka na moyo wote unawaka, na hakuna anayeweza kusema ni wapi mchochota ulipo. Lengo la maandalizi ni kuulazimisha moyo mzima uhamie kwenye mafuta, ili zinazobaki zikinyonya sukari ziwe chembe nyeupe zilizo kazini.

Utaratibu wa kawaida ni milo miwili au zaidi yenye mafuta mengi na isiyo na wanga siku moja kabla, kisha kufunga usiku kucha hadi kipimo. Wengine hufunga kwa saa 18 au zaidi. Fuata karatasi ya kituo chako hata kama inatofautiana kidogo na maelezo haya. Kinachoruhusiwa ni nyama, samaki na mayai yaliyokaangwa kwa mafuta. Kisichoruhusiwa ni nafaka za aina zote, viazi, ndizi, matunda, juisi, maharage, maziwa, asali na sukari. Samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa amekwisha kuwa wanga. Maji kunywa upendavyo.

Makosa halisi huwa madogo. Kijiko cha dawa ya kikohozi yenye sukari. Peremende ya kuondoa ukavu wa mdomo. Bazoka. Chai ya asubuhi "nusu kikombe tu" iliyotiwa sukari. Na kwa mgonjwa aliyelazwa, adui mkubwa ni dripu: maji yenye dekstrozi, au dawa iliyochanganywa ndani yake, huharibu maandalizi ya siku nzima huku mgonjwa hajala kitu. Muuguzi wa zamu ya usiku aambiwe, na iandikwe kwenye faili. Mgonjwa naye aandike kila alichotia mdomoni tangu asubuhi ya jana yake, na karatasi hiyo aikabidhi kwa fundi. Ukikosea, sema. Kuahirisha ni nafuu kuliko kupigwa mionzi kwa picha isiyosomeka.

Saa 24 kabla, epuka mazoezi mazito. Mwenye kisukari asiache wala asipunguze insulini kwa hiari yake. Apangiwe ratiba yake mwenyewe na daktari, na ajue kwamba hata hivyo kipimo kinaweza kushindikana. Vituo vingine huongeza sindano ndogo ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kabla ya FDG ili kupandisha mafuta kwenye damu.

Baada ya sindano ya FDG utapumzika kimya kwa dakika 60 hadi 90, kisha upigwe picha. Dozi ya megabekereli 370 humpa mtu mzima takriban milisiveti 7, wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo baada ya saa 11 hivi imebaki chini ya asilimia 2. Kunywa maji, kojoa mara kwa mara, na kwa saa hizo usimpakate mtoto mchanga wala kukaa umebanana na mjamzito.

Hata maandalizi yakiwa safi, FDG ina udhaifu mmoja wa kukiri. Misuli iliyokosa damu lakini bado hai huhamia kwenye sukari yenyewe, bila mchochota wowote. Kwa hiyo doa linalowaka kandokando ya jeraha linaweza kuwa chembe nyeupe, misuli iliyozubaa, au mchanganyiko. Ndiyo maana watafiti wamegeukia dawa zenye galiamu-68. DOTATATE hushika kipokezi kilichopo kwenye makrofaji, na kwa kuwa misuli yenye afya hainyonyi, haihitaji mlo wa mafuta. Pentiksafori hushika CXCR4, kipokezi kinachotumiwa na chembe nyeupe kufuata njia ya kwenda kwenye jeraha. FAPI huonyesha seli zinazofuma kovu, yaani hatua inayofuata baada ya mchochota. Upande wa MRI kuna chembechembe ndogo sana za chuma zinazomezwa na makrofaji na kuonekana siku moja au zaidi baada ya kuingizwa kwenye damu. Ukipewa mojawapo kati ya hizi baada ya mshtuko wa moyo, kuna uwezekano mkubwa uko ndani ya utafiti. Soma fomu ya ridhaa, uliza kama majibu yatabadilisha matibabu yako wewe, na ujue una haki ya kukataa.

Hatua ya 7: Soma ripoti

Anza na picha za kuchelewa baada ya gadolini. Misuli yenye afya imefanywa nyeusi kwa makusudi. Jeraha ni jeupe, kwa sababu kuta za seli zilizopasuka zinaruhusu dawa iingie. Sasa kumbuka mwelekeo: weupe wa mshtuko wa moyo huanzia tabaka la ndani, na hukaa ndani ya eneo la mshipa mmoja. Weupe ulio tabaka la nje au katikati ya ukuta, huku la ndani likiwa jeusi safi, unaelekeza kwenye mchochota wa misuli unaosababishwa na virusi au chanzo kingine. Hapo madaktari hutumia vigezo vya Lake Louise, vya kutambua mchochota wa aina hiyo kwa MRI, vilivyohuishwa mwaka 2018, na mgonjwa huenda hakuwa na mshtuko wa moyo hata kidogo.

Angalia kina. Weupe uliokula chini ya robo ya unene wa ukuta una matumaini makubwa ya kurejea kusogea. Uliovuka robo tatu, matumaini ni madogo sana. Katikati, subira. Na usipigie mstari ukubwa wa jeraha la wiki ya kwanza: maji hulitanua, na picha ileile ikirudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita huonyesha eneo dogo zaidi. Hiyo haimaanishi misuli iliyokufa imefufuka.

Kisha tafuta kiini cheusi ndani ya weupe. Ripoti itaandika kwamba mishipa midogo imeziba. Mshipa mkubwa umefunguliwa, stenti ipo, lakini damu haifiki kwenye kapilari, na gadolini nayo haifiki. Hii ni miongoni mwa dalili nzito zaidi katika picha yote. Wagonjwa hawa huelekea zaidi kupata moyo kushindwa. T2* ikiwa chini ya milisekunde 20 ndani ya kiini hicho, kuna damu iliyovujia kwenye misuli, na chuma chake hubaki kikichochea mchochota kwa muda mrefu.

Ramani ya T2 ndiyo yenye mtego. Kwenye mashine ya tesla 1.5 misuli ya kawaida huwa karibu na milisekunde 50, na iliyovimba mara nyingi huvuka 60. Lakini chuma cha damu iliyovuja hushusha T2, kwa hiyo katikati ya jeraha baya kabisa namba inaweza kurudi "kawaida". Ukiona ripoti inasema T2 imepanda pembezoni na iko sawa katikati, usifurahie katikati. Pia usilinganishe namba za hospitali mbili. Kila mashine ina kiwango chake, na ripoti nzuri hukiandika.

Mwisho, mfuko wa moyo. Ukivimba siku za mwanzo au wiki kadhaa baadaye, mgonjwa hulalamika maumivu makali akivuta pumzi au akilala chali, na hupata nafuu akiinama mbele. Hali hiyo inapotokea kwa kuchelewa ndiyo daktari William Dressler aliyoieleza mwaka 1956. Matibabu yake ni tofauti, na kwenye MRI mfuko huo huwa mnene na unang'aa.

Hatua ya 8: Baada ya majibu

Neno "mchochota" kwenye ripoti lisikupeleke duka la dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huongeza hatari kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo, na steroidi hazitolewi kwa ajili ya jeraha lenyewe kwa hofu ya kuudhoofisha ukuta. Aspirini ya dozi ndogo uliyoandikiwa ni jambo jingine, hiyo usiiache.

Je, kuna dawa ya kutuliza mchochota huu kwa usalama? Jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP iliyopanda, lilipunguza matukio mapya kwa kanakinumabu, sindano ya kutuliza mchochota, lakini likaongeza vifo vya maambukizi. Jaribio la COLCOT la mwaka 2019 lilitumia kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, miligramu 0.5 kwa siku kwa wagonjwa 4,745 na likaleta nafuu. Jaribio la CLEAR la mwaka 2024, lenye wagonjwa 7,062, ambalo nalo lilitumia kolchisini, halikuiona nafuu hiyo. Maoni yangu ni kwamba majaribio haya yaliwatibu watu bila kuangalia ndani ya moyo wa nani mchochota umegoma kuzimika. Picha zingeweza kuwachagua. Hadi hilo lithibitishwe, kolchisini ni ya kujadiliana na daktari wako wa moyo, hasa kama figo au ini lina shida.

Kinachobadilika kwa uhakika kutokana na picha ni mambo mengine. Bonge la damu likionekana, dawa ya kuzuia damu kuganda huongezwa. Jeraha kubwa lenye kiini cheusi humfanya daktari azipandishe kwa bidii dawa za kulinda moyo usipanuke, na kukuita kliniki mapema. Nguvu ya kusukuma ikiwa asilimia 35 au chini, itapimwa upya baada ya angalau siku 40, au miezi mitatu kwa aliyezibuliwa mshipa, kabla ya kujadili kifaa cha kuzuia kifo cha ghafla.

Siku ya kuchukua majibu, omba picha zenyewe kwenye CD au flashi pamoja na karatasi ya maelezo, na hakikisha ramani za T1 na T2 zimo, maana mara nyingi hunakiliwa zile zinazotembea tu. Uliza maswali matatu: jeraha limekula asilimia ngapi ya misuli ya chumba cha kushoto, kiini cheusi kipo au hakipo, na kipimo kinachofuata ni lini na kwa mashine gani. Kikirudiwa, kirudiwe kwenye mashine ileile kama inawezekana.